Zafarani ya Maalim Saadi

Maalim Saadi hakupepesa macho. Inspekta Mwanasiti Mbonde alihesabu kimoyomoyo, akafika ishirini na tatu, na mzee yule bado alikuwa amemkodolea. Uso wake haukuwa na hasira wala huzuni. Mkono wa kulia tu ndio uliohangaika: kidole gumba na cha shahada vilisuguana bila kupumzika, kama mtu anayevuta tasbihi isiyokuwepo.

"Umeona?" Afande Ismaily, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alimnong'oneza Mwanasiti kutoka nyuma ya kiti. "Mkono unamtetemeka kwa hatia, na uso mkavu kama hajaua mtu. Miaka ishirini na sita ya kazi hii, sijaona muuaji mwenye roho ngumu namna hii."

Mwanasiti aliendelea kuutazama mkono ule. Alikuwa na woga wake, na hakuona aibu kuukiri: kama Ismaily alikuwa sahihi, basi nusu ya Kibiti ilikuwa imekunywa dawa mkononi mwa muuaji. Maalim aliandika makombe. Aya za Kurani, kwa zafarani iliyolowekwa kwenye marashi, juu ya sahani nyeupe. Mgonjwa huiosha sahani kwa maji na kuyanywa yale maji. Watu walimwendea kwa homa, kwa hofu, kwa mitihani. Hata askari wa kituo kile walimwendea, ila walivua sare kwanza.

Siku tisa zilizopita Miraji, mkulima wa Mtunda, alikunywa kombe la Maalim saa nne usiku. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa maiti. Daktari aliyempokea akatilia shaka, sahani ikapelekwa maabara Dar es Salaam, na jana jibu likaja: si zafarani. Ni dawa ya kuhifadhia mbegu, ile ya pinki, ambayo kiwanda huitia rangi makusudi ili mtu akiona mahindi yenye rangi hiyo asithubutu kuyala.

"Maalim," Mwanasiti alisema, "uliandika kwa wino gani?"

"Zafarani, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, imefifia. "Mie sijapata kuandika kwa kitu kingine."

"Ilikuwa pinki!" Ismaily alipiga meza. "Njano na pinki hata mtoto wa chekechea anazijua! Au utasema huoni?"

"Naona, afande. Hospitali ya macho walinipima mwaka jana. Nilisoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho."

Ismaily alimtazama Mwanasiti kwa ushindi. Mzee mwenyewe alikuwa amejifunga kamba shingoni. Mtu mwenye kosa, Mwanasiti aliwaza, angesema haoni.

"Na siku ile ulimwandikia Miraji peke yake?"

"Wawili. Yeye na mkewe, Yasmin. Walikuwa na hofu. Watu wakiwatupia mawe juu ya bati kila usiku. Nikawaandikia sahani moja moja."

Sahani ya pili. Siku tisa, na hakuna askari hata mmoja aliyeuliza kama kuna sahani ya pili.

Mwanasiti alitoka mbio hadi kaunta. Gari la kituo lilikuwa limekwenda Ndundu kwenye ajali ya lori darajani. Simu ya nyumba ya Miraji ilikuwa moja tu, ya marehemu, na hiyo ilikuwa kabatini mwao, ndani ya mfuko wa vielelezo. Alisimama pale na funguo za kabati mkononi.

"Kuna nini, afande?" Aliyeuliza alikuwa Amri, shemeji yake Maalim, ndugu wa mkewe. Tangu jana hakuondoka kituoni. Alimletea mzee chai, shuka, na mkeka wa kuswalia, na kila askari alimsifu kwa utu wake. "Maalim vipi?"

"Naanza kuamini hana kosa," Mwanasiti alisema, na neno lilikuwa limeshatoka. "Una pikipiki? Nenda Mtunda kwa marehemu Miraji. Mkewe ana sahani ya kombe. Mwambie asiiguse. Umwambie ni amri yangu. Uilete hapa, usiifute, usiioshe."

"Sasa hivi, afande. Kwa nini nisiende? Ni shemeji yangu huyu." Alikimbia, na pikipiki ikaunguruma nje. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi.

Nyumba ya Maalim ilikuwa nyuma ya soko, mwendo wa dakika sita kwa miguu. Mkewe, Bi Maimuna, alimpokea Mwanasiti mlangoni, macho yamevimba kwa kulia. Alimpeleka hadi chumba cha kuandikia. Kilikuwa na dirisha moja dogo, na mbele yake mgomba uliuziba mwanga. Juu ya kizingiti cha dirisha palikuwa na kichupa cha wino.

Mwanasiti alivaa glavu, akakifungua, akachovya pamba. Njano safi. Harufu ya marashi ikajaa chumbani.

"Kichupa hiki ndicho cha siku zote?"

"Ndicho hichohicho. Hukaa hapo hapo. Kila anayeingia anakiona."

Basi mtu alitia sumu, halafu akairudisha zafarani. Mtu aliyeingia humu mara mbili bila jirani kuuliza wala Bi Maimuna kushangaa. Mwanasiti aligeuka kutazama mlango ingawa alijua hapakuwa na mtu.

"Nionyeshe sahani alizoandika karibuni."

Bi Maimuna alisita, kisha akatoa tatu kutoka kabatini. "Hizi nilizificha mie. Nisingeweza kuwapa watu."

Mwanasiti alizipeleka uani kwenye jua. Alisoma madrasa akiwa mtoto. Alijua mwandiko wa Maalim ulivyokuwa, herufi pana zilizotulia. Hapa mstari ulianza hivyo, ukapungua, ukapungua tena, hadi mwisho wake ukawa vijidudu. Na mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa juu ya wa pili. Wa nne vilevile. Mzee aliandika juu ya maneno yake mwenyewe, hakuyaona.

"Lakini Kurani anasoma?"

"Anasoma vizuri tu! Wino mweusi haumpi tabu. Ila mambo mengine, jamani…" Bi Maimuna alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Nikimpa chai ya rangi, anamimina sawasawa. Nikimpa maziwa kwenye kikombe cheupe, anamimina mpaka yanamwagika mezani, na kikombe anakitazama. Nilimgombeza, nikadhani dharau. Juzi ubani uliunguza mkeka chumbani, moshi umejaa, yeye amekaa tu. Hasikii harufu, afande. Nilimnyamazia. Watu wangesema Maalim mwenyewe kapagawa, nani atamwendea tena?"

"Hospitali walisema nini?"

"Macho mazima. Mie sikwenda, alipelekwa na kaka yangu Amri. Akarudi na majibu: herufi zote kasoma, hana tatizo."

Mwanasiti aliitazama simu yake. Saa nne kasoro dakika ishirini.

Alimpata muuguzi wa kliniki ya macho kwa simu, dada mmoja aitwaye Hafsa, aliyekuwa zamu siku ile daktari mgeni alipokuja na mashine ya picha.

"Namkumbuka sana," Hafsa alisema. "Herufi alisoma zote. Ndiyo maana daktari alishangaa. Uso haubadiliki, hapepesi, mkono unatetemeka, anatembea kwa hatua fupi. Akampiga picha ya retina."

"Retina ndiyo nini, dada? Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Utando ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea picha ya kila unachokiona. Daktari alishuku Parkinson. Watu wanadhani ule ni ugonjwa wa kutetemeka tu. Kuna kemikali inapungua kwenye ubongo, na retina nayo inaitumia hiyohiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa tabaka za ndani za retina zinakonda. Zake zilikuwa zimekonda. Mtu wa hivyo mpe herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, anasoma. Mpe njano kwenye nyeupe, au rangi mbili hafifu ndani ya chumba chenye kiza, anapotea. Tulimpa vidude vya rangi avipange. Njano na pinki aliziweka pamoja, akasema zimelingana."

Mwanasiti aliegemea ukuta. "Na harufu?"

"Harufu hupotea mapema, hata kabla ya kutetemeka. Picha peke yake haitoshi kuthibitisha, ndiyo maana daktari aliandika rufaa aende Dar. Hakwenda?"

"Barua ya rufaa alichukua nani?"

Karatasi zilipekuliwa upande wa pili. Mwanasiti alisikia kila ukurasa.

"Aliyemleta. Amesaini hapa. Amri, shemeji. Nilimkalisha nikamweleza yote, ili nyumbani wamwangalie na dawa zenye rangi. Alisikiliza vizuri mno. Aliniuliza mara mbili: kwa hiyo pinki na njano hawezi kabisa kuzitofautisha?"

Mwanasiti alikata simu bila kuaga. Mtu yeyote angeweza kubadilisha wino. Lakini nani angethubutu, kama alijua Maalim ataona rangi na kupiga kelele? Angethubutu yule tu aliyejua kwamba haoni. Na nje ya hospitali alijua mtu mmoja, kwa sababu barua aliificha.

Naye Mwanasiti, inspekta mzima, alikuwa amemtuma huyohuyo.

Bodaboda aliyoipata ilikuwa mbovu na dereva wake muoga. Mwanasiti alimpigia kelele begani njia nzima, hadi wakaacha lami na kuingia barabara ya mchanga ya kwenda Mtunda, mikorosho huku na huku. Hakuogopa kuanguka. Aliogopa kitu kimoja, kufika na kukuta vilio. Kila walipopita watu wawili wamesimama, alitazama nyuso zao kama zina msiba mpya.

Alipiga hesabu. Amri aliondoka saa tatu na dakika kumi. Sasa ni saa nne na nusu.

Nyumba ya Miraji ilikuwa kimya. Pikipiki ya Amri ilisimama chini ya mkorosho, ufunguo ukining'inia. Mwanasiti alipoipita aliuchomoa, akautia mfukoni bila kupunguza mwendo.

Amri alikuwa amekaa barazani, viganja juu ya magoti, amegeuza sikio upande wa dirisha.

"Afande! Mbona umejisumbua?"

"Sahani iko wapi?"

"Nimechelewa, afande. Dada wa watu ameshainywa."

Mwanasiti alimruka, akaingia ndani. Kwenye ukumbi Bi Tabu, shangazi wa Yasmin, alikuwa akichambua mchele.

"Karibu mwanangu. Salamu zako tumezipata. Amri hakuingia, mwanamke yuko eda, lakini kasema mlangoni: afande katuma, Maalim hana kosa, Yasmin anywe kombe lake asiogope."

Maneno yake mwenyewe. Hana kosa. Aliyatamka kaunta, na yule mtu akayabeba hadi hapa yaue.

Chumba cha eda kilikuwa na pazia nzito, giza tupu. Yasmin alilala ubavu juu ya mkeka, amejifunika shuka jeupe hadi kichwani, hatikisiki. Mwanasiti alipiga magoti, akamshika bega. "Yasmin. Yasmin!"

Mkono ulitoka chini ya shuka ukamkamata kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa na nguvu.

"Polepole," Yasmin alinong'ona. "Bado yuko nje?"

Mwanasiti alitaka kulia. Aliuma mdomo. "Hukunywa?"

"Nilimwambia shangazi amjibu nimekunywa. Nikasubiri aondoke. Haondoki, afande. Amekaa hapo anasikiliza."

Alivuta kitu kutoka chini ya kitanda kilichokuwa kando, kimefungwa kwenye kanga. Mwanasiti alinyanyua ncha ya pazia, mwanga ukaingia kiganja kimoja. Aya za Maalim, mstari juu ya mstari, na zote za pinki.

"Usiku ule Miraji alikunywa, mimi sikuwa na swala, nikasema nitakunywa nikitoharika. Tulikuwa na kurunzi tu, hakuna aliyeona rangi. Baada ya mazishi nikaitoa uani. Nimekunywa makombe ya Maalim tangu utoto wangu. Nilijua si zafarani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, Maalim angenyongwa! Ndiye aliyenifundisha alifu. Nikasema labda macho yangu." Alijifuta machozi kwa shuka. "Leo Amri kaja na salamu zako ninywe. Nikajua. Shamba letu la mikorosho kuna mtu kaliuza kwa mgeni. Jumatatu iliyopita tulikuwa twende Baraza la Ardhi, Miraji alishamjua muuzaji, angemtaja."

"Nani?"

Yasmin alinyoosha kidole dirishani.

Mwanasiti alitoka na sahani ikiwa imefungwa, ameishika nyuma ya mgongo. Amri alisimama.

"Hali yake vipi, afande?"

"Kwa nini isiwe nzuri?"

Amri alitupia jicho pikipiki yake.

"Amekunywa kombe la kumtoa hofu," Mwanasiti alisema. "Ulitaka hali yake iweje? Nilikutuma ulete sahani, ukaleta salamu. Halafu umekaa hapa karibu saa nzima unasubiri nini, Amri? Na barua ya hospitali ya macho uliiweka wapi?"

Amri alikimbilia pikipiki. Alipapasa mahali pa ufunguo, akapapasa tena, na Mwanasiti akamfikia akiwa bado anapapasa. Pingu zilipolia majirani walianza kutoka, mmoja na jembe, wawili na fimbo. Bi Tabu alishapiga ukunga. Mwanasiti alisimama mbele ya Amri mikono ameitanua, amejaa hofu, akiwaambia maneno asiyoyakumbuka baadaye, hadi gari la kituo, aliloliita kwa simu, lilipofika kutoka Ndundu.

Njiani alimuuliza swali moja tu. "Wino uliubadilisha lini, na uliurudisha lini?"

"Jumatatu ya wiki ile aliyokufa Miraji," Amri alisema, kichwa chini. "Nikarudisha Ijumaa. Lakini aliandika mbili tu."

"Ulikuwa naye siku zote hizo?"

Amri aliinamia pingu zake.

Saa saba mchana Maalim Saadi aliletwa tena katika chumba kilekile. Ismaily alisimama mlangoni, mikono kifuani, kidogo amenywea. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, lakini alimwagizia mzee chai.

Mwanasiti alitandaza karatasi nyeupe mezani, akaweka sahani mbili: moja ya Bi Maimuna, ya njano, na moja ya Yasmin. Kwa jalada la kesi alihitaji jibu mbele ya shahidi.

"Maalim, zitazame vizuri. Rangi gani?"

Mzee aliinama mpaka ndevu zikagusa meza. Aliitazama ya kushoto, akaitazama ya kulia. Alichukua muda mrefu.

"Mwandiko wangu," alisema. "Zafarani. Zote mbili zafarani."

Hakuna aliyesema kitu. Mkono wake uliokuwa ukitetemeka ulisimama, kisha ukaanza tena kwa nguvu zaidi.

"Mbona mmenyamaza?" Uso wake ulikuwa uleule, lakini sauti ilipasuka. "Moja ndiyo iliyomuua Miraji? Niliandika kwa mkono wangu, nikampa, nikamwambia bismillahi kunywa?"

"Si kosa lako, Maalim. Tumempata mwenyewe."

"Wino huo ulikaa pale siku ngapi?"

Mwanasiti alitamani kudanganya. "Jumatatu mpaka Ijumaa."

Maalim alifumba macho, midomo ikacheza. Alipoyafumbua alisema, "Chukua kalamu, mwanangu. Wiki ile niliandika nyingine. Si nyingi, mkono ulikuwa unakataa. Moja aliijia mke wa mtu Jumatano, akasema ya kuweka, ya binti yake Nasma akirudi likizo kutoka bweni, apate kufaulu." Aligeuza uso wake usiopepesa hadi mlangoni. "Mkeo, Afande Ismaily. Alisema nisikwambie, hupendi mambo haya."

Nasma alirudi jana jioni. Kituo kizima kilijua, maana baba yake alikuwa amenunua kuku.

Ismaily alikwisha kutoa simu. Vidole vyake vilikosa namba, vikafuta, vikakosa tena. Mwanasiti ikabidi amshikie. Iliita mara nne.

"Mama Nasma," alisema, na sauti ile iliyopiga meza asubuhi haikuwepo. "Ile sahani ya Maalim… sijakasirika, nisikilize. Iko wapi? Ioshe… hapana, usiioshe! Itoe nje kwenye jua. Niambie ina rangi gani."

Walisikia kandambili zikitembea sakafuni, mlango wa uani ukifunguliwa, halafu sauti ya mwanamke ikiita kwa mbali, "Nasma! Wee Nasma! Sahani iliyokuwa hapa umeipeleka wapi?"